Tezi, Baridi ya Juni na Kadi ya Mtoto

Mwezi wa Juni Sepuka kila mtu anasikia baridi, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kuniona nimevaa masweta mawili na kujitanda kitenge juu yake. Upepo wa Singida unajulikana. Mtama na uwele vikishavunwa, mashamba yakabaki matupu, unashuka kutoka kwenye mawe na kuingia moja kwa moja darasani, na madirisha ya shule yetu wakati ule hayakuwa na vioo. Walimu wenzangu walikuwa wakiota jua ukutani saa ya mapumziko. Mimi niliota jua hata saa nane mchana, wao wakiwa wameshavua masweta yao na kuyatundika kwenye viti.

Mtoto wangu wa pili alikuwa na miezi mitano na kitu. Nilimzaa Januari, mvua zikiwa zimekolea, uzazi wa kawaida usio na la kusimulia. Mama mkwe alinipikia uji wa uwele wenye samli na supu ya kuku wa kienyeji mpaka arobaini ikaisha. Wiki za mwanzo nililia mara mbili tatu bila sababu, kama wazazi wengi, kisha yakapita. Sheria inampa mtumishi siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Zangu zilipoisha, nikarudi shuleni Aprili.

Mambo yaliharibika pale ubaoni. Niliandika tarehe, chaki ikaruka mkononi, mtoto wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, unaumwa?" Moyo ulikwenda mbio hata nikiwa nimeketi. Nilikula kuliko nilivyowahi kula, ugali na mlenda, kisha sahani ya pili, na bado sketi ziliteleza kiunoni. Usiku mtoto alilala, mimi nikabaki macho. Nilikwenda kuhakikisha komeo la mlango, nikarudi kitandani, nikaenda tena. Siku moja nilimfokea mume wangu mbele ya wageni kwa sababu ya kijiko, na hasira ile haikulingana kabisa na kijiko.

Kila mtu alikuwa na jibu. Mama mkwe alisema kwanza kwamba mtoto ananyonya mpaka damu, halafu, nilipozidi kukonda, akasema ni jicho. Jirani alisema mashetani. Mwalimu mkuu, kwa upole, aliniuliza kama nyumbani kuna amani. Mahali nilipokwenda kutibiwa, ambapo sitapataja, waliniambia ni uchovu wa kunyonyesha na kunipa vitamini. Mwezi wa Mei, wakati watu wanakata alizeti, yote yakatulia yenyewe. Kila mwenye jibu akaamini jibu lake ndilo lililoniponya.

Halafu ikaja Juni na baridi yake. Safari hii mwili ulikwenda kinyume. Nililala mapema, nikaamka nimechoka. Kusahihisha madaftari ya darasa la nne, kazi ya saa moja, kulimeza jioni nzima, na nikifika katikati ya rundo sikumbuki niliyosoma mwanzoni. Nywele zilijaa kwenye kitana. Sauti ikawa nzito kiasi kwamba dada yangu, kwenye simu, aliuliza anaongea na nani. Na mawazo yakaja. Sikuwaza kufa. Nilikuwa na hesabu tulivu, iliyonyooka, kwamba mtoto yule angekua vizuri zaidi akilelewa na dada yangu mjini. Nilikuwa nimeshachagua nguo zake zipi ziende na zipi zibaki kwa atakayefuata. Nilizikunja na kuziweka kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda, na sikuona ajabu yoyote katika hilo.

Aliyenifichua ni mtoto mwenyewe, au tuseme kadi yake. Nilimpeleka kupimwa uzito, muuguzi akatia nukta kwenye chati, akaona mstari umelala. Mtoto haongezeki. Akauliza maziwa. Nikamwambia yamepungua. Kwa kawaida hapo mama anapewa ushauri wa kula vizuri na kunywa maji mengi, foleni inasonga. Muuguzi huyu, mama mtu mzima aliyebakiza muda mfupi kustaafu, aliinua macho kutoka kwenye kadi akanitazama usoni. Uso ulikuwa umevimba kidogo chini ya macho. "Mwalimu, lete mkono," akasema. Alinishika kifundo cha mkono, akatazama saa ya ukutani, akahesabu mapigo kwa dakika nzima, watu wakisubiri kwenye mabenchi. Kisha akaniuliza: hedhi, choo, baridi, nywele, na kama miezi ya nyuma moyo uliwahi kunienda mbio. Nilipomweleza habari ya chaki, akaweka kalamu mezani.

Wiki iliyofuata tulipanda basi la Dodoma, mimi, mtoto na mume wangu, tukapita Ikungi na Manyoni kwenda kupima homoni za tezi ya shingo. Shingo yangu haikuwa na uvimbe wowote. Kwetu tezi ya shingo maana yake ni rovu, na penye shingo laini hakuna anayeifikiria. Majibu yalionyesha kwamba tezi yangu ilikuwa imezimika karibu kabisa, na kwamba damuni kulikuwa na kingamwili zilizotengenezwa na mwili wangu dhidi ya tezi hiyo hiyo. Daktari alisema kwa lugha rahisi: "Kinga yako imekupiga mwenyewe. Hutokea baada ya uzazi." Nikapewa kidonge kidogo cha kumeza kila asubuhi tumbo likiwa tupu, nusu saa kabla ya chai. Hakikunizuia kunyonyesha.

Siku nilipoutoa ule mfuko wa nguo chini ya kitanda, nilitaka kujua kwa nini niliuweka pale. Mwalimu ni mtu wa kusoma, nikaanza kusoma.

Kinga ya mwili ni sungusungu wa ndani: inapita usiku na mchana, inakagua kila anayepita, na ikimkuta mgeni asiyejulikana inapiga filimbi. Sasa mimba ikitunga, anaingia mgeni ambaye nusu ya asili yake ni ya baba. Mwaka 1953 mwanasayansi wa Uingereza, Peter Medawar, aliuliza inakuwaje mwili unaokataa kipande cha ngozi ya mtu mwingine umvumilie mtoto miezi tisa. Jibu halijakamilika mpaka leo, ila sehemu yake inajulikana. Kinga ya mjamzito hailali. Inapewa amri nyingine. Kondo la nyuma hutuma ishara, chembe nyeupe zenye kazi ya kutuliza wenzao huongezeka, na doria yote inaambiwa huyu aachwe apite. Mtoto akizaliwa na kondo likitoka, amri inafutwa ndani ya muda mfupi. Sungusungu wanarudi barabarani na nguvu zote, na kwa baadhi yetu wanamshika mwenye nyumba.

Niliposoma hayo nilimkumbuka shangazi yangu wa upande wa Ndago, mwenye ugonjwa wa viungo, vidole vimepinda. Alikuwa akitufurahisha sisi wasichana kwa kusema yeye hupona akiwa na mimba: anatwanga, anachota maji, anacheza ngoma. Akishajifungua, baada ya miezi michache, mchi unamshinda tena. Tulidhani ni maneno ya mtu anayependa watoto. Kumbe daktari wa Marekani, Philip Hench, aliandika jambo hilohilo mwaka 1938, kwamba maumivu ya viungo ya wagonjwa wake yaliyeyuka wakati wa ujauzito na kurudi baada ya kuzaa. Aliifuata siri hiyo mpaka yeye na wenzake wakapata kotisoni kama dawa, na mwaka 1950 akagawana Tuzo ya Nobel. Shangazi yangu hakuwa na maabara, lakini alikuwa ameona sawasawa.

Kuhusu tezi, kazi kubwa ilifanywa Japani. Nobuyuki Amino na wenzake wa Osaka walifuatilia akina mama mia tano na ushei wa kawaida, si wagonjwa, na mwaka 1982 wakaripoti kwamba kama 5 katika kila 100 walipata vurugu za tezi baada ya kujifungua. Mwendo wake ulinifanya nicheke peke yangu, kwa jinsi ulivyofanana na kalenda yangu. Kinga ikiishambulia tezi, kwanza tezi inamwaga akiba yote ya homoni: moyo mbio, kutetemeka, kukonda, kukosa usingizi, hasira. Hii huja kati ya mwezi wa kwanza na wa nne hivi. Akiba ikiisha, kunatulia kwa muda, na mgonjwa anaonekana amepona. Kisha, tangu mwezi wa nne mpaka wa nane, tezi iliyojeruhiwa haitoi cha kutosha: baridi, uzito, usahaulifu, huzuni. Wengi hupona ndani ya mwaka. Wachache hubaki na kidonge maisha yao yote. Vitamini, maombi na mafuta ya kupaka niliyopewa Aprili vilisifiwa kwa kazi ambayo tezi iliifanya yenyewe kwa kuishiwa.

Huzuni inatokaje shingoni ikafika kichwani? Kwa tezi jibu ni jepesi, maana ubongo hauwezi kwenda bila homoni hiyo. Ila kinga ina njia nyingine pia, isiyopita kwenye tezi. Chembe zake hutumiana ujumbe kwa kemikali ziitwazo saitokini, na ubongo nao unausikia ujumbe huo. Mtu yeyote aliyewahi kuugua malaria anaijua athari yake: hutaki chakula, hutaki watu, unataka kulala na shuka kichwani. Hilo si tatizo la vijidudu peke yao, ni amri ya mwili kwamba tulia ujiuguze. Ushahidi mzito ulipatikana hospitalini bila kutafutwa, wagonjwa wa homa ya ini ya aina C walipokuwa wakitibiwa kwa sindano za interferoni, ambayo ni mojawapo ya saitokini hizo. Watu waliokuwa wazima wa akili walizama kwenye sonona wakiwa kwenye matibabu, wengi kiasi kwamba madaktari walianza kuwaandaa mapema.

Mzazi ana vidonda vya uzazi, amepoteza damu, halali. Ujumbe wa saitokini mwilini mwake ni mwingi hata mambo yakienda vizuri. Nisiongeze chumvi hapa: tafiti zilizopima saitokini kwa wanawake wenye sonona ya kawaida ya uzazi hazijakubaliana, nyingine zinaona tofauti, nyingine hazioni. Anayewaambia kwamba sonona yote ya uzazi ni kinga ya mwili anauza kitu.

Kwa kichaa cha uzazi, kile kinacholipuka ndani ya wiki mbili za kwanza na kumpata mama mmoja au wawili katika kila uzazi 1,000, habari ni nzito zaidi. Veerle Bergink na wenzake wa Rotterdam, Uholanzi, waliripoti mwaka 2011 kwamba kati ya wanawake waliopatwa nacho kwa mara ya kwanza, asilimia 19 walikuwa na kinga inayoshambulia tezi, wakati kwa wazazi wengine ilikuwa asilimia 5. Baadaye kundi hilohilo likakuta wachache ambao kingamwili zao zilikuwa zikishambulia ubongo wenyewe. Hao dawa ya usingizi haiwatoshi. Wanahitaji kutulizwa kinga.

Nilikishuhudia kitu cha jamaa hiyo kabla sijajua jina lake. Binti mmoja wa jirani zetu, uzazi wa kwanza, wiki haijaisha, alianza kuongea na watu wasiokuwepo na kuchana chandarua. Wanaume walikaa kikao. Upande mmoja ulitaka mganga, upande mwingine ulitaka ndugu wa mume waulizwe walichofanya. Saa zilipita. Mwishowe kaka yake, kijana wa bodaboda, akampakia kati yake na mama yake bila kumaliza kikao, akaenda naye kituo cha afya. Alikuwa na homa kali, maambukizi ya kizazi. Walimtundikia dripu za antibaotiki, na homa iliposhuka, akili ikarudi pamoja nayo. Akaomba mtoto wake. Laiti mtu angemgusa paji la uso mapema, kikao kile kisingekuwa na ajenda.

Singida tuna kumbukumbu chungu ya ugonjwa kupewa maelezo yasiyo yake. Tangu miaka ya 1970, mkoani kwetu na Dodoma, maambukizi ya njia ya mkojo na sehemu za siri kwa watoto wa kike yaliitwa lawalawa, na tiba yake ikasemwa ni kukeketa. Kilichotakiwa ni maji safi na dawa. Watoto walikatwa.

Simaanishi wazee hawakuona kitu. Waganda wana ugonjwa wanaouita amakiro, wazimu wa mzazi unaomfanya hata amgeukie mtoto wake, na wengine waliusemea kwamba unatokana na uzinzi wakati wa mimba. Maelezo hayo yanamwumiza mgonjwa mara ya pili, lakini ugonjwa wenyewe waliutambua, na waliutambua kuwa ni wa uzazi. Daktari wa akili wa Uingereza, John Cox, alifanya kazi Uganda miaka ya mwanzo ya 1970, akachunguza afya ya akili ya wajawazito nje ya Kampala, na mwaka 1979 akaandika juu ya amakiro. Ni Cox huyohuyo ambaye mwaka 1987, akiwa na Jeni Holden na Ruth Sagovsky, alitoa dodoso la maswali 10 la Edinburgh, ambalo leo linatumika dunia nzima kupima sonona ya wazazi, na limeshatafsiriwa kwa Kiswahili. Sehemu ya mizizi yake iko jirani na Ziwa Viktoria, jambo ambalo ningependa wauguzi wetu walijue kabla ya kulipokea kama kitu cha Ulaya.

Dodoso hilo lina werevu mmoja unaonigusa mimi hasa. Liliacha makusudi maswali ya mwili, kwa sababu kila mzazi amechoka. Maana yake mimi lingenikamata kwa huzuni yangu, lakini lisingeuliza baridi, wala nywele, wala moyo kwenda mbio. Baada ya dodoso bado anahitajika mtu wa kushika mkono na kutazama saa.

Na anahitajika siku inayofaa. Mama anatakiwa kuonwa ndani ya saa 48, siku ya 7, ya 28 na ya 42. Baada ya hapo faili lake linafungwa, na linafungwa karibu na siku ambazo tezi inaanza vurugu zake. Lakini haondoki kliniki! Anarudi na mtoto kwa chanjo wiki ya 10, wiki ya 14, mwezi wa tisa kwa surua, na kupima uzito katikati. Amebeba mtoto, amekaa kwenye benchi, anaitwa kwa jina la mtoto. Hatuhitaji jengo jipya. Tunahitaji mstari mmoja kwenye kadi ile ile: mapigo ya moyo ya mama, na swali moja kuhusu usingizi wake mtoto akiwa amelala. Mama anayelia kwa kukosa usingizi na mama asiyeweza kulala hata akipewa nafasi ni watu wawili tofauti.

Najua kipimo cha homoni hakipo kwenye zahanati, na nauli ya Dodoma ni mbuzi. Mimi nina bima ya watumishi. Jirani yangu wakati ule alikuwa na bima ya afya ya jamii, CHF, ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, na rufaa ya nje ya mkoa ingemsumbua. Ndiyo sababu nasisitiza vinavyopatikana: kipimajoto, saa ya ukutani, kipimo cha wingi wa damu. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 uliona asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa nchini walikuwa na upungufu wa damu, na upungufu huo nao huleta uchovu na huzuni.

Ila nina hofu upande wa pili pia. Tangu nianze kusimulia habari hii, nimemsikia mwanamume mmoja, mke wake analia kila siku, akisema kwa faraja kubwa, "Basi ni homoni." Bathsheba Mahenge na wenzake walizungumza na wajawazito waliohudhuria kliniki Muhimbili, na mwaka 2013 wakaandika kwamba zaidi ya robo walikuwa wamefanyiwa ukatili na wenzi wao katika mimba hiyohiyo, na kwamba hao ndio walioonyesha zaidi dalili za wasiwasi na sonona. Hapo hakuna kidonge cha asubuhi. Damu ipimwe, na mume naye aulizwe. Na akili yenyewe ikiugua, isifichwe: hata Mirembe, ambayo kwetu jina lake linatumika kutishia watoto na kutaniana, ni hospitali ya magonjwa ya akili yenye dawa zinazorudisha watu nyumbani, na mzazi anayehitaji kwenda apelekwe kama anavyopelekwa mwenye mguu uliovunjika.

Nilipata mimba nyingine baadaye. Kwa kuwa ugonjwa huu wa tezi hupenda kurudi kwa aliyewahi kuupata, tulipanga vipimo kabla mtoto hajazaliwa, na muuguzi yule, akiwa ameshastaafu, alinitumia ujumbe kwenye simu kunikumbusha. Mama mkwe hajaliacha jicho lake. Anashikilia kwamba mtu fulani, ambaye anamjua kwa jina na yuko tayari kumtaja ukimpa chai, ndiye aliyelituma, na kwamba liliamua kukaa kwenye tezi. Lakini akienda kumwona mzazi yeyote wa ukoo, akishampa pole na hongera na kumshika mtoto, humtaka mama naye anyooshe mkono. Hajui kuhesabu mapigo. Humshika tu, akasikiliza, kisha akiona yanakwenda ovyo humtuma mtu kwangu nije na simu yenye saa.